Barua kwa mwanangu Rehema, kabla hujainunua nyumba ya Temeke

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Rehema,

Hujambo mama? Sisi huku hatujambo. Baba yako mguu umepungua uvimbe, anakusalimu sana. Picha za nyumba ulizonitumia nimeziona zote, na ile karatasi ya hesabu nimeisoma nikairudia. Nimefurahi mno. Lakini niliyonayo ni mengi kuliko ya kusema kwenye simu, kwa hiyo nakuandikia, usome ukiwa umetulia.

Unachotaka kufanya, kununua nyumba ya vyumba sita kwa mkopo wa SACCOS, ukae viwili na vinne upangishe, nakijua vizuri, maana ndimo ulimozaliwa. Nyumba yetu hii ya korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na jiko uani, bibi yako alikaa vyumba vya mbele na vinavyobaki akapangisha. Ngamiani watu wengi wameishi hivyo, na Kariakoo, Magomeni na hiyo Temeke yako vilevile. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye pango la chumba cha yule mpangaji wetu mwalimu. Nyinyi siku hizi mnaita uwekezaji, na ni uwekezaji kweli. Ila hesabu yako umeianza mahali sipo.

Umeandika vyumba vinne mara 60,000 ni 240,000 kwa mwezi, kwa mwaka 2,880,000, halafu pembeni ukaandika "faida". Hapo sikubaliani nawe. Faida yako kubwa katika nyumba hiyo ni ile 150,000 unayompa mwenye nyumba wako kila mwezi sasa hivi, ambayo utaacha kuitoa. Hiyo ndiyo hela yako. Ya wapangaji ihesabu kuwa ni ya nyumba mpaka deni liishe.

Tupige upya. Chukua vyumba vitatu badala ya vinne, maana chumba kimoja lazima kitakaa kitupu wakati fulani, huyu kahamishwa kazi, yule kaoa. Hiyo ni 180,000. Toa 18,000, asilimia 10 ya pango, hiyo ni ya TRA. Toa 60,000 ya matengenezo kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Inabaki 102,000. Jumlisha na 150,000 utakayoacha kulipa, unapata 252,000. Rejesho la SACCOS ni 300,000. Kwa hiyo 48,000 itatoka kwenye mshahara wako kila mwezi, na kwa mshahara wako unaiweza. Sasa jiulize: vyumba vyote vikiwa vitupu miezi miwili, mshahara utaibeba 300,000 nzima na wewe ule? Kama hauwezi, punguza mkopo, ngoja mwaka mmoja uongeze akiba. Nyumba za kuuza Temeke hazitaisha.

Halafu kuna hili la wapangaji kulipa pango la miezi sita kwa mkupuo. Mpangaji mmoja atakushikisha 360,000 siku moja, na ukipata wawili ndani ya wiki utajiona tajiri. Hela hiyo siku unayoipokea si yako yote, kwa sababu miezi mitano bado hujampa huduma yake. Ukiimaliza kwenye makochi, shimo la choo likijaa mwezi wa tatu utamwambia nini mtu aliyekulipa mpaka mwezi wa sita? Fungua akaunti ya nyumba peke yake, isiyo na uhusiano na namba yako ya kutumia kila siku.

Na hilo shimo ndilo nataka ulitazame kabla ya rangi ya ukuta. Umenipigia picha sebule, korido, mlango wa mbele, choo hukupiga. Uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho na gari la majitaka linafika mpaka wapi. Kwenye picha ya nje naona uchochoro ambao hata bajaji inapita kwa shida. Gari lisipofika, mipira ya kunyonyea inatosha kuvuka nyumba ngapi? Majibu hayo wanayo majirani. Unajua mwenyewe wanavyofanya baadhi ya watu hapo Dar, wanangoja mvua kubwa ya usiku wanatapisha choo, uchafu wote unakwenda mtaroni, kesho yake watoto wanacheza humo. Kipindupindu kinapata njia. Sitaki nyumba yako ifanye hivyo hata mara moja, na kama nyumba hiyo haina njia nyingine ya kusafisha choo, usiinunue.

Nenda tena mvua ikiwa inanyesha, au saa chache baada ya kukatika. Angalia maji yanasimama wapi. Chini ya ukuta, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti, papase kwa mkono: plasta ikibonyea au ikimwaga unga mweupe, maji yanapanda kutoka chini, na rangi mpya wamepaka kufichia. Muulize mama anayepika hapo uani, siyo dalali. Dalali analipwa nyumba ikiuzwa.

Sasa karatasi. Umesema wanaouza ni watoto wa marehemu. Basi la kwanza, msimamizi wa mirathi ni nani, na barua yake ya mahakama iko wapi? Kaka mkubwa kuwa ndiye anayeongea hakumfanyi kuwa msimamizi. Kaa na warithi wote, kama yupo mjane msikie kwa mdomo wake mwenyewe. Hata mwenye nyumba angekuwa hai na mwenye ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi wake, na kesi za namna hiyo zinaweza kula miaka yako yote ya ujana.

Uliza kama kuna hati miliki au ni leseni ya makazi. Hati inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99, leseni ni ya muda mfupi na inahuishwa. Si kwamba ya leseni hainunuliwi, lakini bei yake haiwezi kuwa sawa na ya hati. Kama ni hati, wakili afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati aone kama haijawekwa rehani benki. Wakili awe wako, unayemlipa wewe. Kodi ya ongezeko la mtaji, ile ya faida anayopata mtu akiuza mali, ni ya muuzaji, iandikwe kabisa kwenye mkataba, maana isipolipwa uhamisho wa hati hauendi. Na uulize manispaa kuhusu hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pembeni iliyotengewa barabara. Kimara mwaka 2017 watu walivunjiwa nyumba walizokaa miaka na miaka, na karatasi za serikali ya mtaa wanazo mkononi.

Kuna jambo hukuliandika kabisa. Nyumba hiyo ina wapangaji tayari. Wamemlipa muuzaji mpaka lini? Kama wawili wamelipa mpaka Disemba, hela hiyo ameshaila yeye na wewe utakaa nao bure, mikataba yao unairithi pamoja na kuta. Kaa na kila mmoja, tazama risiti yake, jumlisha, na kiasi hicho kipunguzwe kwenye bei.

LUKU nayo. Mita ni moja na vyumba ni sita. Huyu ana friji, yule anapiga pasi kila asubuhi, mwingine ana taa moja na simu, halafu mchango ni sawa kwa wote. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga nilioushuhudia ulianzia hapo, mdogo mdogo, mpaka watu hawasalimiani. Weka zile mita ndogo za kila chumba, zinazoitwa sabmita, kabla hujaingiza mpangaji mpya. Kumbuka pia kuwa kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa, na hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akinunua umeme ikakatwa, mrudishie. Ni hela ndogo, lakini ataona kwamba hutaki cha mtu.

Kuishi nao ndiyo kazi yenyewe. Wewe ni binti, hujaolewa, na mmoja wa wapangaji uliniambia ni mzee. Asubuhi utamwamkia shikamoo, jioni utamdai pango, na vyote viwili vitafanyika kwa adabu ikiwa mkataba upo kwenye karatasi, na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA unayo. Andika zamu za kufagia uani, geti linafungwa saa ngapi, wageni wa kulala inakuwaje. Andika mambo hayo mkiwa bado mnacheka. Akishindwa kulipa, usimkatie umeme wala usitoe vyombo vyake nje. Mpe notisi ya maandishi, ikishindikana lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu ndugu, nisikilize mimi mama yako. Ukishapata nyumba, simu zitaanza. Binamu anatafuta kazi Dar, shangazi ana mtoto wa chuo, "chumba kimoja tu, kwa muda". Usiwafukuze, hatukukulea hivyo. Lakini wa kumsaidia akae nawe kwenye vyumba vyako viwili. Vile vinne vina deni la SACCOS, na SACCOS hawamjui binamu. Mtu akikununia, mwambie mama ndiye aliyekataa, nitajibu mimi.

Mjomba wako wa Keko nimeshaongea naye. Jumamosi atakuja na ngazi, apande darini aangalie mbao za kenchi kama zimeliwa na mchwa, na bati zimechoka kiasi gani. Mlipe nauli na chakula. Dalali akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine anakuja na hela taslimu, mwache huyo mteja anunue. Usitoe hata shilingi ya kushikia nyumba kabla hujaiona barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Ukiipata ipige picha unitumie, namba ya shauri isomeke, nimwonyeshe yule karani mstaafu wa mahakama hapa mtaani.

Nijibu hilo la mirathi kwanza, mengine tutaongea.

Mama yako