Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Mpunga na Wafugaji wa Bonde la Wembere, Wilaya ya Igunga, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa Chama na Serikali, wazee wetu na wanakikundi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi katika mkutano wetu wa mwaka. Kaya za kikundi hiki hulima mpunga katika majaruba ya ukingoni mwa Wembere na kuchunga ng'ombe, mbuzi na kondoo katika mbuga hiyo hiyo. Kwa hiyo mvua ikizidi tunapoteza mpunga, na ikikosekana tunapoteza mifugo. Mvua za El Niño za msimu wa 2023/2024 zilifunika majaruba ya wengi wetu kabla mpunga haujachanua, na waliokuwa wamekopa fedha za kulimia walilazimika kuuza ng'ombe ili walipe madeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni kwamba malipo ya maafa kwa mkulima na mfugaji yawe na kiwango kinachojulikana, na yategemee kumbukumbu zilizoandikwa kabla ya maafa kutokea. Tunaithamini Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na tunajua kuwa chakula cha msaada huokoa maisha, lakini mahindi ya msaada hayamrudishi mtu shambani. Tembo akiharibu mazao, Kanuni za wanyamapori za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho, yaani malipo ya pole, kinachokokotolewa kwa ekari, hata kama ni kidogo. Maji yakizoa shamba hilo hilo, mwenye shamba hajui adai nini wala adai kwa nani.

Wenzetu wa Marekani waliliweka jambo hili katika sheria ya kilimo ya mwaka 2014, ili mfugaji asisubiri Bunge lao likae upya kila janga linapotokea. Mfugaji aliyepoteza mifugo kwa dhoruba, mafuriko au baridi kali hulipwa asilimia 75 ya bei ya soko ya mnyama, kwa vifo vilivyozidi vile vya kawaida tu, na ni lazima aonyeshe idadi ya kundi lake kabla ya janga pamoja na ushahidi wa vifo, kama vile picha au taarifa ya daktari wa mifugo. Malisho yakikauka, malipo hufuata ramani ya ukame inayotolewa kila wiki, hivyo haki ya mfugaji haitegemei anafahamiana na nani. Tena majina ya wanaolipwa na kiasi wanacholipwa ni taarifa za umma, na kwa sababu hiyo wananchi wa huko wameweza kuhoji kwa nini wenye mashamba makubwa huchukua sehemu kubwa ya fedha hizo. Hilo la mwisho tunaliona ni la maana kuliko yote.

Hatudai viwango vya Marekani. Tunachosema ni kwamba kumbukumbu hata sisi tunazo: wakulima tulisajiliwa pamoja na ukubwa wa mashamba yetu ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/2023, na mifugo inaendelea kuvishwa hereni za utambuzi. Kinachotuumiza ni tathmini inayofanywa kwa kuulizana majina, maji yakiwa yamekwisha kupungua na mizoga imekwisha kuoza, kwa kuwa hapo mjane mwenye ng'ombe wachache na asiye na msemaji ndiye anayesahaulika.

Kwa hiyo tunakuomba utufikishie mambo haya kwenye ngazi zinazohusika: usajili huo utumike siku ya tathmini, maofisa ugani wafike mapema kabla ushahidi haujapotea, na orodha ya watakaolipwa ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji ili anayestahili aone jina lake na asiyestahili aulizwe. Sisi kwa upande wetu tumefungua daftari la kikundi la kuandika ekari na idadi ya mifugo ya kila kaya kabla ya masika, na tuko tayari likaguliwe na ofisa yeyote wakati wowote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.