Kikao cha ukarabati wa kikanisa chetu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Kikao cha Jumamosi ni saa 4:00 asubuhi, ndani ya kikanisa chenyewe, si ukumbini tena. Fundi anataka tuuone ukuta wa sakristia, chumba anachovalia padre: lipu ya saruji iliyopigwa juu ya mawe na chokaa imefungia unyevu, sasa inabanduka vipande vizima. Itatolewa, ipigwe lipu ya chokaa inayopumua, yaani inayoruhusu unyevu kutoka. Rangi ingoje, jamani!

1. Wenye picha za zamani za altare au kengele, njooni nazo.
2. Katekista atatutafutia ubatizo wa kwanza wa kikanisa chetu kwenye daftari la ubatizo. Daftari halitoki ofisini.
3. Vijana, leteni brashi laini, za waya hapana.

Atakayefika aandike "Nipo" kabla ya Alhamisi jioni.