Barua ya wazi kwa vijana wanaosafisha mito ya Nairobi

Wajukuu zangu,

Nawasalimu kutoka bonde la Mto Athi, huku chini ambako kila kinachopita katika madaraja yenu hatimaye hufika. Nimewaona mkiopoa mifuko ya plastiki, matairi na magodoro kutoka kwenye tope, na sitaki yeyote aisome barua hii kama kejeli kwa kazi hiyo. Nataka tu kuwaeleza jambo ambalo mtu aliyeinama na reki mkononi hawezi kuliona kwa urahisi: maji yenu yanakwenda kufungiwa bwawani.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Wamaasai walikuwa wamekwisha kupaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Mto Nairobi wenyewe hutoka katika kinamasi cha Ondiri, ukapokea mito ya Mathare na Ngong upande wa mashariki ya jiji, kisha ukaingia Athi, ambao baada ya Tsavo huitwa Galana na karibu na bahari huitwa Sabaki. Kwa hiyo mtu wa Malindi huko pwani na mtu wa Mukuru jijini Nairobi wana mto mmoja, ingawa wanauita kwa majina tofauti. Huko Malindi wanasayansi waliochunguza tumbawe lenye umri wa miaka 300 walikuta kwamba udongo unaoletwa na mto huu ulianza kuongezeka katika karne ya 20, walowezi walipokuwa wamefyeka na kulima nyanda za juu. Mto ulianza kuumia kabla ya kiwanda cha kwanza cha mtu yeyote aliye hai leo, nasi wazee hatuna haki ya kujifanya kwamba tuliwakabidhi kitu kisafi.

Kama mnataka kujua bwawa hufanya nini na maji machafu, msiende mbali. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 kwenye mkondo wa Motoine, ambao ukiendelea huitwa Ngong, ili liwe akiba ya maji ya jiji. Watu walipiga mbio za mashua pale. Kisha makazi yakaongezeka juu yake bila mabomba ya maji taka, wala si kosa la wakazi kwamba hakuna aliyewachimbia, na kila mvua ikateremsha kinyesi, takataka na tope. Maji ya mto yakifika bwawani hupunguza mwendo, na tope likiwa na kila kilichoshikamana nalo hutua chini. Naitrojeni na fosforasi za maji taka ni mbolea, basi gugumaji likapata shamba. Mgeni anayelitazama leo anaweza kudhani ni malisho.

Sasa fikirieni Thwake. Bwawa hilo, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018 mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, limekusudiwa kubeba mita za ujazo zipatazo milioni 688 kwa ajili ya kunywa, kumwagilia mashamba na kuzalisha umeme. Mimi ni mmoja wa walioshangilia habari zake, kwa sababu nimeishi miaka mingi katika nchi ambapo mama hutembea nusu ya siku kwa ajili ya mtungi mmoja, na bado nalitaka. Lakini mto unaotiririka hujisafisha kidogo kwa hewa na kwa mwendo wake, hali bwawa lenye kina huweza kukosa oksijeni chini kabisa, na hapo fosforasi na baadhi ya metali zilizolala katika tope huyeyuka zikarudi majini. Metali ya risasi inayotoka karakana fulani mjini haiozi njiani. Maji yanaweza kusafishwa kwa mitambo kabla ya kunywewa, ni kweli, ila gharama yake itamwangukia mtu wa Makueni au Kitui ambaye hakuchafua chochote.

Ndiyo maana nawashauri mgeuze sehemu ya nguvu zenu. Plastiki inaonekana, hupigwa picha, na viongozi hupenda kusimama kando yake. Kinachotuua huku chini hakionekani: maji taka yasiyosafishwa, umajimaji wa viwandani, oili ya gereji, damu ya machinjio. Tembeeni kingo za mto mkihesabu mabomba badala ya magunia. Andikeni kila bomba liko wapi, hutoa maji ya rangi gani na saa ngapi, maana wapo wanaofungulia usiku. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na malalamiko yenye tarehe na mahali ni vigumu kuyapuuza kuliko hasira.

Msikubali pia kuambiwa kwamba mto umesafishwa kwa sababu nyumba za mabati zimebomolewa, kama ilivyotokea baada ya mafuriko ya 2024. Kingo ni za kulindwa, lakini familia iliyohamishwa bila choo mahali pengine itarudisha uchafu uleule kwa njia nyingine.

Mkianza, anzieni Mto Ngong, kutoka ukuta wa Bwawa la Nairobi hadi unapomaliza kupita Eneo la Viwanda. Nendeni wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua ikinyesha kila bomba hutoa maji na kila mwenye bomba husema ni ya mvua. Nakala moja ya daftari lenu tuleteeni huku chini.

Babu yenu wa Athi