Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: safari hii tuulizeni kabla ya kuchora

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,

Salaam kutoka Uporoto, huku milimani Mbeya, ambako tangu jana hatujaliona jua.

Tumesikia mnaandaa soko jipya la viazi kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, na kwamba mtaalamu anaandika mpango wa kushirikisha wadau. Nimefurahi, ila nimeshtuka pia. Mpango wa namna hiyo niliwahi kuuona.

Banda la soko la kwanza, lile ambalo sasa ni la mbuzi, nalo lilishirikisha wadau. Mkutano uliitwa saa tano asubuhi, siku ya gulio. Tulihudhuria wazee wachache, mgambo, na vijana wawili waliokuwa wamefuata barua ya utambulisho tu. Tukasaini mahudhurio, tukanywa soda, tukaoneshwa mchoro ambao tayari ulikuwa na muhuri.

Banda likaezekwa kwa bati za plastiki zinazopitisha mwanga, eti lisiwe na giza. Kiazi kikikaa kwenye mwanga siku kadhaa kinageuka kijani na kuwa kichungu, na mnunuzi wa Dar es Salaam hakigusi. Hilo analijua kila mama anayefunika magunia yake kwa majani makavu. Hakuulizwa, saa tano ile alikuwa gulioni anapima debe.

Najua mtaalamu atachora jedwali la nani ana ushawishi mkubwa na nani mdogo. Diwani na madalali watakaa juu, mpakiaji chini kabisa. Lakini lori likishajaa, anayejua litageuzia wapi ni huyo mpakiaji. Mfuateni saa kumi alfajiri, kabla magari hayajaondoka. Akina mama kaeni nao peke yao: kwa Wanyakyusa mkwe wa kike anamkwepa baba mkwe wake, sasa atasimamaje mbele yake mkutanoni kumpinga? Na mwenye shamba litakalopitiwa na ujenzi asisubiri kupata habari kwa mthamini anayekuja kukadiria thamani ya shamba lake.

Halafu rudini. Hapa ndipo huwa mnatupoteza. Maoni yanachukuliwa, gari linaondoka, katikati ya ujenzi mchoro unabadilishwa, na fedha za mikutano zimeshaisha mwezi wa kwanza. Tengeni mapema fedha za kurudi. Mje mseme: hili tumelikubali, hili tumelikataa kwa sababu hii. Tukikataliwa kwa sababu tutanung'unika, lakini tutaelewa. Wala hamhitaji kubuni kikao kipya, mkutano mkuu wa kijiji upo kila miezi mitatu kwa utaratibu wa sheria.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sisi kwa sasa tunaomba kupelekewa mchoro wa penseli, unaofutika.

Gulio letu ni Alhamisi. Ukija, vaa koti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa viazi, Uporoto