Video ya kudai maji ianzie kwenye sauti

Mhariri,

Vikundi vingi vya mitaa sasa vinarekodi video za simu kudai maji, mitaro au zahanati. Madai ni ya haki, lakini video nyingi hazisikiki. Picha yenye ukungu kidogo mtazamaji ataivumilia. Sauti iliyomezwa na upepo au jenereta ataiacha mapema, na hoja itapotea nayo.

Tunashauri simu mbili. Moja ichukue picha, ya pili irekodi sauti ikiwa sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, nje ya picha au imefichwa kwenye mkunjo wa kanga. Simu zote zikiwa zinarekodi, msemaji apige makofi mara moja kabla ya kuanza kuongea: mlio huo ndio utakaotumika kuoanisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Simu zote mbili ziwekwe hali ya ndegeni, maana simu ikiita katikati, kurekodi kunaweza kukatika.

Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini. Nafasi ya kuhifadhi kwenye simu nayo ikaguliwe: dakika moja ya video ya ubora wa 1080p (HD kamili) inaweza kula MB 130 hivi. Jua la utosini hutia kivuli machoni, kwa hiyo rekodini kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Ndani ya nyumba, dirisha lisiwe nyuma ya msemaji.

Kwa sekunde 60, maneno 110 yanatosha: tatizo, anayewajibika, na anachotakiwa kufanya. Sura za watoto zisionekane bila idhini ya wazazi. Mkiituma kwa WhatsApp, itumeni kama faili, isije ikabanwa na kupoteza ubora.

Wakufunzi wa video za jamii,
Morogoro