Ripoti ya mwenyekiti kwa wanachama: kompyuta za maktaba na sisi watu wa nje

Wanachama wenzangu, habari zenu. Mwaka jana niliwaahidi ripoti fupi nikawachosha, safari hii nabana.

Karibu mwaka mzima umeishia kwenye kompyuta za maktaba ya chuo. Mnakumbuka ilivyokuwa, mtu wa nje akifika getini anaulizwa namba ya usajili, hana, anarudi steshenari kulipia hata kuchungulia Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi. Na jibu la chuo lilelile, eti mikataba ya majarida ya mtandaoni hairuhusu. Tukaomba tuisome. Kumbe mingi ina kipengele kabisa, mgeni aliyeingia maktaba anaruhusiwa kusoma akiwa humohumo ndani, kisichoruhusiwa ni kumpa pasiwedi aende nayo kwake. Sasa fikiria Hinari, ile ya WHO ya majarida ya afya, ipo tangu 2002 na vyuo vya Tanzania vinaipata bure, halafu nesi wa zahanati ya jirani haigusi!

Basi wametupa mashine nne, kona ya nyuma, moja mausi yake mpaka uipigepige.

Kilichotutoa jasho ni watu kuacha vitu vyao. Msimu wa maombi ya mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, vijana wanaskani vyeti vya kuzaliwa, wanajaza namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa, wanainuka akaunti iko wazi na mafaili yote yapo kwenye skrini, anayefuata anakuta maisha ya mwenzie yameanikwa kama nguo kwenye kamba. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Fundi wetu akaweka programu inayofuta kila kitu mashine ikizima. Siku ya kwanza tu umeme ukakatika, mama mmoja akapoteza barua aliyoiandika saa nzima, hana flashi, nikasemwa mimi mpaka basi. Ndio maana mnaona lile karatasi ukutani, JITUMIE KWA IMEILI KWANZA.

Wanafunzi nao walilalamika, kwa hiyo wiki za mitihani wageni tunaingia asubuhi tu. Sijaipenda ila ada ya chuo wanalipa wao.

Mambo ya hela mweka hazina atasoma, sio mazuri.

Jumamosi bado wametukatalia. Barua ya pili nimeshapeleka, nahitaji wawili wa kwenda na mimi kufuatilia, na tafadhali msiniambie mnakuja halafu mzime simu kama mara ile.