Shukrani kwa aliyenisaidia kugundua kebo mbovu

Kwako wewe uliyeomba jina lako lisitajwe, pokea shukrani zangu za dhati. Kwa wiki tatu nilihangaika na kompyuta yangu ya Linux, kwani kila nilipohamishia mafaili kwenye hifadhi ya mtandao wa ndani, kasi iligota kwenye megabaiti 11 kwa sekunde, nami nikaamini kabisa kwamba kosa lilikuwa la Samba, programu ya kushiriki mafaili kwenye mtandao. Nikabadilisha mipangilio yake, nikajaribu hata NFS, njia nyingine ya kushiriki mafaili, hali ikabaki ile ile.

Wewe hukukimbilia kunipa jibu. Uliniagiza kwanza niupime mtandao peke yake kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwa kuwa kipimo hicho hakitegemei diski wala Samba, na yalipotoka matokeo ya megabiti 94 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), ukanielekeza kwenye ethtool, amri inayoonyesha hali ya kadi ya mtandao, nisome mstari wa kasi. Mstari huo ulionyesha megabiti 100 kwa sekunde, ilhali vifaa vyote vina uwezo wa 1000. Ndipo uliponieleza, kwa subira ambayo sitaisahau, kwamba kasi ya 1000 huhitaji jozi zote nne za nyaya zilizomo kwenye kebo, ilhali ile ya 100 hutumia mbili tu. Hivyo jozi moja ikiharibika, mawasiliano yanaweza kuendelea kwa kasi ya chini.

Nilipoichunguza plagi, niliuona waya wa kahawia umechomoka. Nimebadilisha kebo, na faili la gigabaiti 8, lililochukua dakika 12, sasa huhamishwa kwa takriban sekunde 70. Ahsante sana.